Nikiridhika si nitabweteka? Jibu kwa dada anayefanya yoga na roho haitulii

Swali lililoletwa, nimelifupisha kidogo: "Mwalimu habari za kazi. Nafanya yoga karibu mwaka sasa na klasini tumefika kwenye santosha, ile ya kuridhika. Kwa maneno naipenda ila kwenye maisha inanigomea kabisa. Kazini mwenzangu ambaye mimi ndo nilimfundisha kazi kapandishwa cheo, mimi nimeachwa palepale. Nikishika simu kila mtu kanunua, kasafiri, kaolewa, usiku nalala nawaza. Nyumbani wananiambia shukuru Mungu una kazi. Mwalimu wangu naye kasema nisikimbilie klasi ya juu, niridhike na nilipo. Sasa naogopa, nikiridhika si ndo nitabweteka nibaki hapahapa hadi nizeeke? Na kama nikianza, naanzaje?"

Salama kabisa dada yangu, na asante kwa kuitaja wazi ile ya mwenzako kazini. Wengi wakiuliza habari za kuridhika wanauliza kwa juujuu tu, "nitulize vipi akili", halafu ukichimba unakuta chini kuna jambo moja mahususi linalouma, na hilo ndo linatakiwa kujibiwa. Nitaanza na hofu yako ya kubweteka kwasababu hiyo ndo imeziba mlango, ukiendelea kuamini kwamba kuridhika kutaua maendeleo yako, mazoezi yoyote nitakayokupa utayafanya nusunusu huku moyo umeshika breki.

Hii habari ya santosha inatoka kwenye Yoga Sutra za Patanjali, kitabu kifupi cha kutoka India kilichoandikwa kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya huko, ambacho wataalamu mpaka leo wanabishana tarehe yake ila wengi wanakiweka kwenye karne za mwanzo baada ya Kristo. Humo njia ya yoga imegawanywa sehemu 8, na ile mikao tunayoifanya kwenye mkeka ni sehemu ya tatu tu. Kabla yake kuna yama, yaani mambo 5 ya kujizuia, kutodhuru, ukweli, kutoiba, kujitawala kwenye matamanio ya mwili na kutojilimbikizia, halafu kuna niyama, mambo mengine 5 ya kujijengea wewe mwenyewe, na yametajwa kwenye sutra ya 2.32, yaani sura ya 2 mstari wa 32, kwa mpangilio huu: usafi, kuridhika, bidii inayochoma, kujisoma, na kujikabidhi kwa Mungu. Hebu angalia kinachofuata baada ya kuridhika. Ni tapas, bidii yenye moto, ile ya kuamka wakati mwili hautaki, ya kufanya kitu kigumu hadi kiive. Kuridhika na bidii vimewekwa bega kwa bega kwenye sentensi moja, kwa mtu yuleyule, kwa siku ileile. Patanjali angekuwa anafundisha watu kubweteka asingewapa moto mara baada ya kuwapa utulivu.

Na kuna maelezo ya zamani sana ya hizo sutra, yanajulikana kwa jina la Vyasa, ambayo kwenye kuridhika yanasema kitu kikavu kabisa, kwamba ni kutotaka kujitwalia zaidi ya nyenzo zilizopo mkononi. Mimi nayapenda maelezo haya kwasababu hayazungumzii furaha wala tabasamu, yanazungumzia nyenzo. Una nini mkononi sasa hivi, leo, saa hii? Una mwili wenye ugumu huu, una kazi yenye cheo hiki, una muda huu, una akiba hii. Kuridhika ni kukubali kufanya kazi na hivyo badala ya kukaa siku nzima unadai vile ambavyo havipo. Hakuna mahali imesemwa kesho usiwe na zaidi, imesemwa leo usigombane na mkono wako kwamba umeshika kidogo.

Sasa jiulize, hiyo hasira ya kuachwa palepale imekufanyia kazi gani mpaka leo? Imekuandikia barua ya maombi ya kazi? Imekufundisha kitu kipya? Nadhani jibu unalijua, imekunyima usingizi, na asubuhi yake umeenda kazini umechoka na ufanisi umeshuka. Watu wengi wanaamini kutoridhika ndo mafuta yanayoendesha maendeleo yao, mimi baada ya kufundisha kwa muda mrefu naona kwa wengi wao ni kinyume, ni mtu anayekimbia huku kabeba gunia mgongoni halafu anasifia gunia kwamba ndo linamfanya akimbie. Bidii ilikuwepo muda wote, gunia lilikuwa linaila. Ndo maana wanaojifunza santosha kwa kweli, sio kwa mdomo, mara nyingi wanaanza kufanya zaidi, sababu nguvu iliyokuwa inaenda kwenye manung'uniko imerudi.

Ila kuna kitu kinafanana na kuridhika na sio chenyewe, na hapa naomba uwe makini sana dada yangu, maana nyumbani wakikuambia "shukuru una kazi" inawezekana kabisa wanakupa hicho cha bandia, hata kama wanakupenda. Kuna kujikatia tamaa kunakovaa nguo za kuridhika. Mtu anasema "mimi nimeridhika" kumbe anaogopa kuomba akakataliwa. Mwingine anasema "yote heri" kumbe kameza donge na linamkaa kooni mwaka mzima. Namna ya kutofautisha ni kujiangalia ukifikiria lile jambo gumu unalotakiwa kulifanya. Fikiria unaingia kwa bosi kuuliza kwanini hukupandishwa. Kama ukisema "nimeridhika" na mwili unapumua kwa ahueni kwamba basi si lazima niende, hiyo ni woga. Kama ukisema "nimeridhika" na bado unaweza kwenda, unaongea kwa sauti yako ya kawaida, na jibu lolote utakalopewa halitakuvunja vipande, hapo ndo penyewe. Kuridhika kunakupa uwezo wa kufanya jambo gumu bila kulihitaji likutibu.

Na kitu kingine ambacho sikikubali hata kidogo ni mtu kutumia santosha kumnyamazisha anayeonewa. Mtu anapigwa nyumbani, mtu hapewi mshahara wake miezi, mtu ananyanyaswa kazini, halafu anaambiwa aridhike. Hapana. Kwenye mpangilio wa Patanjali yama zinakuja kabla ya niyama, na ya kwanza kabisa kwenye yama ni kutodhuru, ya pili ni ukweli. Ukikaa kimya ukaendelea kudhurika kwa jina la utulivu umekanyaga mbili za mwanzo ili uonekane unaishika moja ya baadaye. Anayeonewa anaanza na kutoka au kusema, kuridhika kutamsaidia akiwa njiani, kutamfanya asitoke na chuki inayomtafuna, ila hakutakiwi kumzuia kutoka.

Kwahiyo tuje kwenye hilo la kazini. Ushauri wangu ni uende ukaulize, na uende wiki hii au ijayo, usiliache lizeeke. Kabla ya kwenda kaa mahali peke yako, andika kwenye karatasi vitu ulivyofanya kwa mwaka huu kwa maneno ya kawaida, kimoja kikiwa ni hicho cha kumfundisha mwenzako kazi, halafu andika maswali mawili tu, nini kilikosekana kwangu safari hii, na nifanye nini kionekane safari ijayo. Usimtaje mwenzako kwa ubaya, sio kwa ajili ya kumlinda yeye peke yake, ni kwasababu ukianza kumtaja tu mazungumzo yanahama kutoka kwenye kazi yako kwenda kwenye wivu wako na bosi atashika hapohapo. Kwenye Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2 mstari wa 47, Krishna, ambaye ni Mungu, anamwambia mpiganaji Arjuna kwamba haki yake iko kwenye kutenda, matunda ya kutenda hayako mikononi mwake, na mstari huohuo unamalizia kwa kumkataza asikimbilie kutokutenda. Watu wanapenda kuishia nusu ya kwanza. Wewe kazi yako ni kuuliza vizuri, kujiandaa vizuri, jibu ni la bosi. Na kama jibu likionyesha kwamba hapo huna njia, kwamba upendeleo ndo unaamua, basi kuanza kutafuta kazi kwingine kwa utulivu ni santosha na tapas zikifanya kazi pamoja, wala usijione umeshindwa mtihani wa kuridhika.

Sasa hili la simu. Kujilinganisha ni kitu cha zamani kwa binadamu, mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika nadharia yake kuhusu hilo mwaka 1954, kwamba mtu akikosa kipimo cha wazi cha kujipima anajipima kwa watu wengine, na hasa kwa wale anaowaona wanafanana naye. Ndo maana tajiri mkubwa wa dunia hakuumizi, anakuumiza uliyesoma naye, anakuumiza huyo uliyemfundisha kazi. Kilichobadilika ni kwamba zamani walinganishwa wako walikuwa wachache na ulikuwa unawaona na siku zao mbaya, sahivi unaperuzi dakika kumi unaona siku nzuri za watu mia, zote zimechaguliwa, na zinakukuta kitandani umechoka. Wahenga walishasema usione vyaelea, vimeundwa, na mtandaoni hatuonyeshwi uundaji.

Kuna utafiti mmoja huwa napenda kuwaeleza wanafunzi. Victoria Medvec na wenzake mwaka 1995 walichapisha uchambuzi wa video za washindi wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992, watu waliangalia sura za wanamichezo na kupima furaha yao, na waliopata medali ya shaba walionekana wana furaha kuliko waliopata fedha. Wa pili kwa ubora akawa na sura ya huzuni kuliko wa tatu! Maelezo ya watafiti ni kwamba wa fedha akili yake iko kwa dhahabu aliyoikosa kidogo tu, wa shaba akili yake iko kwenye kutopata kabisa. Ukiuangalia kwa macho ya yoga unaona jambo moja la kusikitisha kidogo, wote wawili hawako na medali waliyoivaa, mmoja anatazama juu mwingine anatazama chini. Na hapa ndo natofautiana na wale wanaofundisha kuridhika kwa kusema "angalia wenye hali mbaya kuliko wewe". Hiyo inafanya kazi kwa dakika chache ndio, ila bado ni kulinganisha, bado furaha yako umeiweka kwa mtu mwingine, safari hii umeiweka kwenye shida yake. Mimi hiyo siifundishi.

Badala yake Patanjali ana dawa ya moja kwa moja kwenye sutra ya 1.33, anasema akili inatulia kwa kujenga mitazamo minne: urafiki kwa wenye raha, huruma kwa wenye shida, furaha kwa wenye kutenda mema, na kutosumbuka na watenda mabaya. Hiyo ya kwanza na ya tatu ndo zako. Mwenzako kapandishwa, mpongeze. Najua inauma kusoma hivi. Huhitaji kusubiri hadi usikie furaha moyoni ndo umpongeze, mpongeze kwa sentensi moja ya kweli, tafuta kitu kimoja ambacho kweli kakifanya vizuri na ukitaje hicho, usiongeze chumvi wala kujikomba. Ukiongeza chumvi utajisikia mnafiki na donge litakua. Ukisema la kweli, hata dogo, kuna kitu kinalegea kifuani, na hicho kinachokulegea ndo zoezi lenyewe. Na mtandaoni vilevile, ukiona posti imekuchoma, kabla hujapita andika hongera moja ya kweli au weka simu chini. Chagua mojawapo kati ya hivyo viwili. Kitu cha tatu, cha kukaa unarudia kuangalia picha za mtu huku roho inakwaruzika, hicho kiache kabisa, na kama kuna akaunti inakufanyia hivyo kila siku acha kuifuata kwa miezi kadhaa, sio dhambi wala uadui, unajipa nafasi ya kupona.

Labda utasema lakini mwalimu nikipata kile cheo si mawazo yataisha? Yatapungua kwa muda, sikudanganyi. Philip Brickman na Donald Campbell mwaka 1971 waliandika kuhusu tabia ya binadamu kuzoea hali mpya haraka, na mwaka 1978 Brickman na wenzake wakahoji washindi 22 wa bahati nasibu wakakuta hawawazidi sana watu wa kawaida kwa furaha, tena vitu vidogo vya kila siku vilikuwa vinawapa raha kidogo kuliko wengine. Huo ulikuwa utafiti mdogo, na tafiti kubwa za baadaye, kama ule wa Sweden uliochapishwa mwaka 2020, zimeonyesha walioshinda pesa nyingi walikuwa wanaridhika na maisha yao zaidi hata miaka mingi baadaye, kwahiyo asikuambie mtu pesa haina kazi. Pesa ina kazi, cheo kina kazi, ada zinalipwa na mshahara hazilipwi na pumzi. Kinachozoeleka ni ule msisimko. Unapata, unafurahi, unazoea, halafu jicho linahamia kwa mwingine, na kama hujajifunza kukaa na ulichonacho wakati kikiwa kidogo hutajua kukaa nacho kikiwa kikubwa, maana kukaa nacho ni ujuzi na ujuzi huo hauletwi pamoja na barua ya kupandishwa.

Na kwa sababu ni ujuzi, unafundishika, hii itakupa moyo. Hata kwenye dini zetu ndivyo ilivyo, Waislamu wana mafundisho marefu ya kinaa, na Paulo kwenye Wafilipi 4 anasema amejifunza kuwa radhi katika hali aliyonayo. Amejifunza, hakuzaliwa nayo. Nayataja haya kwasababu kuna wanaoogopa kwamba santosha ni kitu kigeni kitakachowagonganisha na imani yao, mimi naona mtu mwenye imani tayari yuko nusu ya njia.

Mahali rahisi pa kujifunzia ni palepale kwenye mkeka, na hapa nitakaa kidogo maana ndo pana utajiri na watu wengi wanapapita. Chukua mkao wa kuinama mbele ukiwa umekaa, miguu imenyooka. Wengi wanachofanya ni kukimbilia vidole, wanavuta mabega, mgongo unapinda, shingo inakaza, pumzi inakatika, yote hayo ili mkono uguse mguu. Wewe fanya hivi, kunja magoti kidogo, inama kuanzia kwenye nyonga hadi pale unaposikia misuli ya nyuma ya paja imeanza kuvuta kwa mara ya kwanza, pale pa kwanza kabisa, halafu ishia hapo. Usiende mbele. Kaa pumzi nane hivi, na kila kutoa pumzi kuwe kurefu kidogo kuliko kuvuta, kama unavuta kwa kuhesabu nne toa kwa sita. Moyo unapiga polepole kidogo tunapotoa pumzi na haraka kidogo tunapovuta, kwahiyo ukirefusha kutoa mwili unapata taarifa kwamba hakuna hatari. Sasa sikiliza akili. Itakuja sauti inasema "bado kidogo tu ufike". Au itakuja nyingine "yule pembeni kashafika". Hizo sauti ni zilezile za kazini, ni zilezile za kwenye simu, hakuna nyingine. Hapo kwenye mkeka zinakuja zikiwa ndogo, bila bosi, bila mshahara, kwahiyo unaweza kuzifanyia mazoezi. Zisikie, usizifukuze, rudi kwenye kutoa pumzi.

Na mara nyingi, sio kila mara, baada ya pumzi kadhaa misuli inaachia yenyewe na unajikuta umeenda mbele kuliko ungevuta kwa nguvu. Patanjali anasema mkao uwe imara na wenye raha, 2.46, halafu 2.47 anasema unakamilika kwa kulegeza juhudi. Bidii ipo, umekaa hapo, hujatoka, ila umeondoa ile ya ziada ambayo ilikuwa ni kujilazimisha tu. Hiyo hisia ya juhudi bila kujilazimisha ukishaijua mwilini utaitambua hata ukiwa kwenye kompyuta una ripoti ya kumaliza. Na siku nyingine misuli haiachii, unabaki palepale, na siku hizo zina thamani kubwa zaidi kwa somo hili maana unajifunza kumaliza zoezi bila zawadi. Halafu kumbuka miili haifanani hadi kwenye mifupa, tundu la nyonga la mtu mmoja limekaa tofauti na la mwingine, kina chake na mwelekeo wake, kuna mikao ambayo mwenzako ataifanya bila jasho na wewe mfupa utagota kwenye mfupa hata ufanye mazoezi miaka ishirini. Hilo sio la kurekebishwa.

Nje ya mkeka nataka ufanye vitu vichache tu, ukifanya vingi utaacha vyote. Asubuhi kabla hujashika simu kaa kitandani upumue taratibu na ujiulize leo nina nini mkononi, jibu kwa vitu halisi, nimelala masaa sita, nina shughuli mbili, goti haliumi. Sio lazima viwe vizuri vyote, "nimeamka nimechoka" nayo ni jibu. Ni kuanza siku na hesabu ya kweli badala ya kuanza na hesabu za watu wengine. Mchana, kazi moja ikiisha, usirukie nyingine hapohapo, kaa pumzi tatu ukijua hiyo imeisha. Hili dogo watu wanalidharau na mimi nalithamini kuliko mengi, maana wengi wetu siku nzima tunamaliza vitu na hatusikii hata kimoja kwamba kimeisha, halafu jioni tunashangaa kwanini tunajiona hatujafanya chochote. Ukitaka kununua kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango, lala nacho usiku mmoja, kama asubuhi bado unakihitaji nunua kwa amani.

Usiku, kwa vile wewe unawaza kitandani, andika. Robert Emmons na Michael McCullough mwaka 2003 walichapisha utafiti ambapo kundi moja liliandika vitu hadi vitano vya kushukuru, jingine kero zao, na lile la shukrani likaonekana liko vizuri zaidi kwa namna wanavyoyaona maisha yao. Wewe andika vitatu vinatosha, ila viwe vya siku hiyohiyo na viwe mahususi. "Nashukuru kwa familia" baada ya siku nne inakuwa kibandiko tu. "Mdogo wangu kanipigia simu akanichekesha hadi nikasahau kilichoniudhi mchana" hiyo ina damu. Na wazo la kazini likija wakati unaandika, nalo liandike pembeni, chini yake andika hatua moja utakayoifanya kesho, kama hakuna hatua ya kufanya andika "hakuna cha kufanya usiku huu". Kwenye sutra ya 2.33 kuna mafundisho ya kukabili wazo linalosumbua kwa kulea wazo la upande wa pili, na upande wa pili wa "nimeachwa" sio "niko bora kuliko yeye", huo ni ugonjwa uleule umegeuzwa. Upande wa pili ni kitu kama "najua kazi kiasi cha kumfundisha mtu akapanda". Hiyo ni kweli, na hakuna aliyekunyang'anya.

Utauliza inachukua muda gani. Patanjali hatoi miezi, anasema kwenye 1.14 kwamba mazoezi yanashika mizizi yakifanywa muda mrefu, bila kukatika na kwa moyo. Wengi wanakwama kwenye hilo la kutokatika, wanafanya saa nzima jumapili halafu kimya wiki. Bora dakika tano kila siku. Na kutakuwa na siku wivu unarudi mzimamzima kama hujawahi kufanya kitu, usijigombeze, ukijigombeza kwa kutoridhika utakuwa umeongeza kutoridhika kwingine juu. Sema tu "umekuja", pumua, endelea na kazi.

Jambo moja la afya nisiliruke. Umesema usiku unalala unawaza. Kama usingizi unapotea karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na hamu ya vitu ulivyokuwa unavipenda imepotea, chakula hakipiti, au mawazo ya kutotaka kuishi yanakuja, nenda hospitali ukaongee na daktari au mshauri wa afya ya akili, na hayo ya mwisho yakija nenda siku hiyohiyo, usikae nayo peke yako. Hiyo inaweza kuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na inatibika, haimaanishi santosha yako ni ndogo na usikubali mtu akuambie ungekuwa unamshukuru Mungu vya kutosha usingeumwa. Yoga inaweza kwenda sambamba na matibabu, haichukui nafasi yake.

La mwisho ni klasi ya juu. Hapa sijakuona ukifanya kwahiyo mwalimu wako ana faida kuliko mimi, ila neno "ridhika" peke yake halitoshi kuwa sababu, ana deni la kukueleza. Muulize ni kitu gani hasa anataka kukiona kwanza, ni mabega, ni pumzi inakatika, ni maumivu ya mgongo? Akikujibu kwa kitu kinachoonekana, kifanyie kazi hicho na mpange mkiangalie tena baada ya miezi miwili mitatu. Akikosa la kusema, omba uingie klasi ya juu mara moja kama mgeni, kaa mstari wa nyuma, na mkao wowote ambao pumzi yako inakatika uache pale ulipofika, upumzike na magoti chini hadi wenzako wamalize.